Moabi Namba 417

Sylvère Mpouam amefanya kazi moja tu ya mshahara maishani mwake, nayo ni kutaja miti. Kazi hiyo ina utaratibu wake usiobadilika. Kikosi cha watu wanane kinafuata mstari ulionyooka, uliofyekwa msituni kwa kufuata dira. Mtaja anautazama mti. Akiwa na shaka anachanja gome kwa panga na kulinusa, kisha anatamka jina kwa sauti ya kusikika mbali. Mpimaji anazungusha utepe na kutamka unene. Karani, anayetembea katikati akiwa na ubao wa karatasi, anarudia yote mawili kwa sauti, na ni baada ya kurudia ndipo anapoandika. Nyuma yake anakuja mtu wa rangi, anaandika namba ya buluu kwenye gome. Mtaja asipotamka, karani hana cha kurudia, na mti huo hauingii kitabuni.

Kwa miaka thelathini na sita Sylvère hakuwahi kuruka mti. Alilisema hilo mara nyingi, kwenye vilabu vya mvinyo wa michikichi na mbele ya wahandisi, na hakuna aliyempinga. Siku hizi halisemi.

Alizaliwa mwaka 1956 huko Mbiadjo, kijiji cha Wanzime kilichojipanga kando ya barabara ya vumbi jekundu kusini mwa Lomié, mashariki mwa Kameruni. Mama yake, Menoh, hakujaliwa binti, kwa hiyo mtoto wake wa mwisho, Sylvère, ndiye aliyembebea kikapu msituni. Menoh alikuwa na tabia ya kuokota kipande cha gome, kukivunja na kumpa mwanawe anuse bila kumwambia ni cha mti gani. Wiki moja baadaye angempa kingine cha mti uleule na kumwuliza. Akikosea, hakumrekebisha; alikitupa tu kile kipande na kuendelea na safari.

Alipoajiriwa mwaka 1977 hakukuwa na vitabu. Kampuni ya wakati huo ilimchukua awaonyeshe wakataji mahali penye miti ya sapelli na mivule, na jua la siku hiyohiyo halikuzama kabla miti haijalala chini. Aliitwa kijana wa kuonyesha. Katika miaka ya tisini sheria ikabadilika. Kampuni yoyote iliyotaka msitu ilitakiwa kwanza iandike mpango, igawe eneo lake vitalu thelathini, ikate kitalu kimoja kwa mwaka, ihesabu kila mti mkubwa kabla ya kukata hata mmoja, iache miti ya mbegu, na iwaulize wanakijiji ni miti gani wanaitegemea. Wengi Mbiadjo waliiona sheria hiyo kuwa maneno ya wakubwa wa serikali kule Yaoundé. Sylvère aliipenda. Ilimfanya awe mtu ambaye bila yeye mpango hauandikiki.

Wahandisi walimwita Pua. Mmoja wao aliwahi kumfunga kitambaa machoni na kumnusisha vipande kumi na viwili vya magome. Alivitaja vyote, kisha akaongeza kwamba kile cha saba kilitoka kwenye mti uliokufa tangu mvua zilizopita. Nyumbani wanawake nao walimjaribu kwa mafuta ya moabi, mti mkubwa wa msituni wenye kokwa za mafuta, wakicheka. Kila mwanamke hukausha kokwa zake kwenye uchaga juu ya moto kwa siku kadhaa kabla ya kuzitwanga na kuzikamua, na harufu ya moshi ule haitoki tena kwenye mafuta. Eulalie, jirani wa nyumba ya tatu, hukausha kwa masalia ya mbao nyekundu za padouk anayoyaokota kiwandani. Philomène, mjane wa kaka yake Sylvère, hatumii kuni nyingine isipokuwa matawi makavu ya mikakao aliyoiacha mumewe. Chupa ingefunguliwa nyuma ya mgongo wa Sylvère, naye angesema ni ya nani.

Huyo Philomène ndiye mwenye moabi wa habari hii.

Kuhusu moabi, Wanzime wana mazoea ambayo hayamo katika mpango wowote. Mwanamke anayegundua moabi mkubwa msituni hufyeka shina lake, na tangu siku hiyo ni wake. Lakini umiliki huo unadumu tu maadamu wengine hawajui mti ulipo, kwa sababu tunda likishaanguka ni la yule aliyeinama kwanza. Kwa hiyo mwanamke hauonyeshi moabi wake. Humpeleka binti yake, au mke wa mwanawe, mara moja tu, akiwa na mimba ya kwanza, na hupita ndani ya maji ya kijito ili wasiache njia. Wanaume, hata wanaojua, hujifanya hawajui.

Moabi wa Philomène uko ng'ambo ya mto Lepo, na aliupokea kwa Menoh, mama mkwe wake. Sylvère aliufahamu tangu alipokuwa mbeba kikapu, na kwa miaka hamsini hakuwahi kuutaja, hata kwa mkewe Odette. Hauzai kila mwaka. Mwaka unapozaa, Philomène hukaa wiki tatu chini yake, na anaporudi na kukamua, chupa ya kwanza huenda kwa Sylvère. Angekuwa hai mumewe angeipokea yeye. Sasa anaipokea mdogo wa mume.

Mwaka 2013 zamu ya kitalu cha kumi na moja ilifika, na kitalu hicho kilianzia nyuma ya mashamba ya kakao ya Mbiadjo. Mwezi Januari mhandisi Fotsing, kijana wa mkoa wa Magharibi mwenye adabu na daftari safi, aliitisha mkutano wa ramani. Maelezo yake yalikuwa sahihi. Kila familia ionyeshe moabi wake. Utapakwa pete ya njano na hautakatwa kamwe. Moabi ambao haukuonyeshwa, ukahesabiwa, unaweza kukatwa. Aliwauliza kama wameelewa, wakasema wameelewa.

Walielewa kweli. Ila kuonyesha moabi mbele ya kijiji kizima, juu ya karatasi iliyotandazwa mezani, kulikuwa sawa na kuugawa. Wanawake walitazamana kisha wakatazama chini. Siku mbili zilizofuata walimwongoza Fotsing kwenye moabi kumi na minne iliyo karibu na barabara, ambayo kila mtu aliijua. Miwili ilikuwa imepigwa na radi, na mmoja, Sylvère angeweza kuapa, haukuwahi kuzaa hata tunda moja. Fotsing aliwashukuru kwa ushirikiano wao.

Sylvère alikuwa mkalimani wa mkutano ule. Alitafsiri kila neno la mhandisi bila kuongeza wala kupunguza. Eulalie, ambaye hakosi la kusema, alimwambia mbele ya watu kwamba kama pua yake ni kubwa hivyo basi awaonyeshe yeye moabi yote, wao wapumzike. Watu walicheka, na Sylvère akacheka nao.

Kesho yake asubuhi Philomène alimkuta uani akinoa panga. Alikaa kwenye kigogo na kungoja mpaka Odette akaenda kisimani.

"Shemeji, nijibu kama ndugu, usinijibu kama mtu wa kampuni. Ule wa mama yako niufanyeje?"

Jibu lilikuwa fupi, na Sylvère alilijua kuliko mtu yeyote kijijini, kwani ndiye aliyelitafsiri jana yake: auonyeshe. Lakini swali lenyewe lilimpendeza. Tangu kaka yake afe, Philomène hakuwa amekuja kwake na jambo zito. Alipitisha kidole kwenye makali ya panga.

"Usiuonyeshe," alisema. "Mstari wa kule nitapita mimi. Sitautaja."

"Na wenzako hawana macho?"

"Macho wanayo, majina hawana. Nisipotaja, karani haandiki. Asipoandika, hakuna namba. Na siku hizi hakuna mwenye msumeno anayegusa mti usio na namba, ni jela."

Philomène akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamwita kwa utani ambao mwanamke anaruhusiwa kumwita mdogo wa mumewe.

"Basi nimekuachia, mume wangu mdogo."

Walifika Lepo katikati ya Februari, kwenye mstari wa tisa. Sylvère alikuwa amejiandaa. Tangu usiku wa kuamkia siku ile alijua atafanya nini: mita sitini kabla ya moabi, upande wa kulia, upo mti wa tali wenye shina la kutatiza, lenye mabawa ya mizizi. Angeutaja huo, mpimaji Zacharie angehangaika nao, karani angetazama huko, na yeye angepita kushoto akiwa anafyeka kana kwamba hakuna kitu.

Alitaja tali. Zacharie akaenda kulia na utepe wake, akalaani mizizi. Karani Nestor, mtu wa Abong-Mbang asiyenyamaza hata akiandika, akarudia tali, akarudia unene. Sylvère akapita kushoto. Alikuwa ameshaupa mgongo mti ule, na mbele yake kulikuwa na vichaka tu, Nestor aliposimama na kurudisha kichwa nyuma mpaka kofia ikamdondoka.

"Pua," aliita. "Na hiki kibabu je? Au leo umeamka na mafua?"

Watu wa kikosi wakacheka. Mtu wa rangi akasema mzee anazeeka, wamtafutie kazi ya jikoni.

"Usiniambie huyu humjui," Nestor akasema.

"Moabi," alijibu Sylvère.

"Moabi," Nestor akarudia.

"Mia moja tisini na nne," Zacharie akatamka alipomaliza kuzunguka. Nestor akalirudia hilo pia, akaandika, na mtu wa rangi akaandika 417 kwenye gome ambalo Menoh alikuwa akilipangusa kwa kiganja kila alipofika.

Baadaye Sylvère alilitafutia neno lile sababu. Kulikuwa na kikosi cha ukaguzi kilichopita tena kwenye baadhi ya mistari, na mtaja aliyeruka mti mkubwa angeweza kufukuzwa. Hiyo ilikuwa kweli, lakini hakuiwazia hata kidogo pale aliposimama. Alizipata pia njia za kutokea, nyingi na nzuri zote. Angeweza kusema ni mti usiouzwa. Nestor hakulijua gome la moabi na angeandika chochote alichoambiwa. Angeweza kusema una uwazi ndani. Njia hizo zilimjia kesho yake, na keshokutwa, na zinamjia hadi leo. Saa ile kulikuwa na jina tu, nalo lilitoka kama mtu anavyoitika akiitwa. Alitaniwa kuhusu pua yake, akaitetea.

Hata hapo haikuwa imeshindikana. Alikuwa na nafasi ya kumwambia Fotsing siku ileile kwamba mti ule una mwenyewe. Hakumwambia, kwa kuwa mhandisi angeuliza ni wa nani.

Tarehe nne Machi orodha ya miti ya kitalu cha kumi na moja ilibandikwa kwenye ubao wa baraza la chifu. Ingekaa hapo siku thelathini. Mtu yeyote anayetumia mti uliomo orodhani angeweza kupinga usikatwe, lakini sheria ilimtaka ampeleke ofisa wa misitu hadi kwenye mti wenyewe, akiwa na mashahidi saba wa kijiji, wawili kati yao wawe wa ukoo mwingine. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu nzuri: miaka ya nyuma watu walidai miti ambayo hawajawahi kuiona. Baada ya siku thelathini orodha ingetiwa muhuri, na msimu wa kukata ungeanza.

Sylvère aliisoma orodha siku ya kwanza. Mstari wa 417 ulikuwa kwenye ukurasa wa tisa, wa tatu kutoka chini. Tangu hapo alipita kwenye ubao ule kila asubuhi na kuhesabu siku zilizobaki, na kila asubuhi alipata sababu ya kungoja kesho. Kuna siku alimwona Philomène akipita palepale na mzigo wa kuni. Philomène anasoma vizuri. Alifika darasa la saba kwa masista wa misioni, na ndiye anayewasomea wenzake barua. Hakuusogelea ubao. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mti wake haumo.

Siku ya ishirini na sita, alfajiri ikiwa imeshapambazuka vizuri na Odette akiwasha moto, Philomène aliingia na chungu kilichofunikwa kwa jani la ndizi. Ndani yake mlikuwa na nyama ya nungu iliyopikwa kwa mafuta ya moabi, ya mwisho ya mavuno yaliyopita, aliyoyaweka akiba zaidi ya mwaka mzima. Alieleza kwamba amesikia mstari wa Lepo umekwisha.

"Umekwisha," Sylvère alisema.

"Nilijua," Philomène akasema, na akamtilia yeye kwanza.

Akiwa anawatilia wengine alimweleza Odette, kwa mafumbo ya wanawake, kwamba Clarisse, mke wa mwanawe Apollinaire, ana mimba ya miezi minne, na kwamba mwaka huu kuna mahali atampeleka. Odette akasema ni vema. Sylvère alitafuna. Nyama ilikuwa laini, na moshi wa mkakao ulimjaa puani mpaka machozi yakamlenga. Philomène alipoondoka, bakuli la Sylvère lilikuwa bado nusu. Odette akamwuliza ana nini. Akasema jino.

Kesho yake alikwenda jikoni kwa Philomène. Alimkuta akimenya muhogo, akaketi kwenye kigoda cha chini kilichokuwa cha kaka yake, akagundua ni cha nani, akahamia kwenye jiwe.

"Nimeutaja," alisema.

Philomène hakuuliza nini. Alimaliza muhogo aliokuwa ameushika, akautia majini.

"Walikushika?"

"Hapana."

"Walikulipa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Karani alinitania."

"Alikutania," Philomène alirudia polepole, kama karani anavyorudia kabla ya kuandika. Akakiweka kisu chini. "Lini?"

"Februari."

"Leo ni tarehe thelathini Machi."

"Zimebaki siku tatu."

Akamweleza kuhusu ofisa, kuhusu mashahidi saba na wale wawili wa ukoo mwingine. Alieleza kwa utulivu na kwa mpangilio mzuri, kama alivyotafsiri mkutanoni, na alipokuwa akieleza aliisikia sauti yake mwenyewe na kuichukia. Philomène alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako alinipitisha kwenye maji mpaka kiunoni, nikiwa na tumbo la Apollinaire," alisema. "Nilitetemeka siku mbili. Kaka yako aliniuliza nilikuwa wapi, nikamdanganya, na amekufa hajui. Wewe umewaambia watu wanane, halafu nyama yangu jana ukala."

Sylvère alijaribu kusema kwamba labda amwone Fotsing faragha, labda mhandisi akaufuta mti kimyakimya. Philomène alimwuliza kama hilo linawezekana kweli au anajisemea tu. Akakiri kwamba anajisemea tu.

"Basi nenda kamwite ofisa wako. Mashahidi nitatafuta mwenyewe. Wa ukoo mwingine nitamchukua Eulalie na mtu wake."

"Eulalie? Mbona yeye?"

"Atapajua tu. Bora nimpeleke mimi kuliko kuja kumkuta huko."

Walikwenda tarehe mosi Aprili, watu kumi na mmoja, Philomène mbele. Hakupita majini. Alifuata mstari wa tisa, ulionyooka na mkavu, ambao kikosi cha Sylvère kilikuwa kimeufyeka, na walitumia dakika arobaini kwenda mahali ambapo yeye hutumia asubuhi nzima. Clarisse alikuja pia, mkono tumboni. Hakuna aliyemwambia chochote njiani.

Ofisa wa misitu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye subira. Aliuliza jina la mtumiaji, tangu lini, na kabla yake alikuwa nani.

"Menoh," Philomène alijibu. "Mama wa huyu." Hakugeuka kumwonyesha huyu ni yupi.

Eulalie alikuwa ameweka kiganja kwenye gome. Aliinua uso mpaka kule juu kabisa, ambako matawi yanaanzia, kisha akatazama chini, akasogeza majani makavu kwa mguu, akaona maganda ya kokwa za miaka iliyopita, tabaka juu ya tabaka.

"Kumbe ni hapa," alisema, na kwa mara moja maishani hakuongeza neno.

Mtu wa rangi alichora mstari juu ya 417, akauzungushia mti pete ya njano. Ofisa aliwapongeza. Alisema hivi ndivyo sheria inavyotakiwa kufanya kazi, kampuni, serikali na mwananchi kila mtu mahali pake, na akampiga picha Philomène kando ya pete. Picha hiyo ilitumika baadaye katika taarifa ya mwaka ya kampuni. Sylvère aliiona kwenye ofisi ya Fotsing. Chini yake iliandikwa kwamba jamii ya Mbiadjo imeshiriki kwa hiari.

Mti umesimama. Hilo Sylvère hujikumbusha, na ni kweli. Kitalu cha kumi na moja kilikatwa, sapelli zikaenda bandarini, na moabi wa Lepo uko palepale.

Uliamua kuzaa mwaka huohuo. Mwezi Julai matunda yalipoanza kuanguka, wanawake wa kwanza walikuwa wameshajenga vibanda vya majani chini yake kabla Philomène hajafunga kikapu. Clarisse alikuwa na mimba ya miezi minane na miguu imevimba, hakuweza kuachwa peke yake. Philomène alifika siku ya nne. Odette, aliyekuwa huko na wenzake kwa kuwa kila mtu alikuwa huko, alimsimulia mumewe kwamba walikuwa wanawake ishirini na watatu, na kwamba Eulalie alimpisha Philomène sehemu karibu na shina, kwa heshima, lakini pale karibu na shina palikuwa pameshaokotwa. Philomène alirudi na nusu ya kikapu. Nusu kikapu haijazi chupa.

Mwaka ule Sylvère aliezeka upya jiko la Philomène, akapalilia mikakao yake yote, akampelekea samaki mara tatu. Kila mara alishukuriwa vizuri, akapewa kiti, akapewa chakula. Philomène hakumnunia, wala hakumsema kwa watu. Mbiadjo nzima iliamini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuuonyesha mti wake, na walimsifu kwa moyo mkubwa. Alimwita shemeji. Lile jina la utani halikurudi.

Septemba, siku ya Jumapili baada ya misa, Philomène alikuja na chupa. Ilikuwa imeoshwa vizuri na kuzibwa kwa jani la ndizi lililosokotwa, kama siku zote.

"Ya kwanza, shemeji," alisema, akaiweka mezani na kuketi.

Odette akapiga makofi ya furaha. Sylvère aliivuta chupa, akachomoa kizibo, na hakuhitaji hata kuisogeza puani.

Ilikuwa padouk, moshi wa Eulalie.

Akakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita watu walimwona Philomène uani kwa Eulalie, akimtwangia kokwa siku mbili mfululizo, na hakuna aliyeelewa kwa nini mwanamke wa umri wake aende kutwanga kwa jirani. Aliinua macho. Philomène alikuwa anamtazama usoni, mikono mapajani. Alikuwa miongoni mwa wale waliowahi kumjaribu kwa chupa nyuma ya mgongo. Alijua kabisa kwamba hakuna mtu Mbiadjo awezaye kumdanganya Sylvère Mpouam kwa mafuta. Alichomletea hakikuwa udanganyifu. Kilikuwa haki ya Sylvère, ambayo Philomène hakukubali impite.

"Haya, Pua," Odette alisema akicheka, akitafuta kikaango. "Umenyamaza nini? Tuambie basi ni ya nani."

"Ya Philomène," alisema Sylvère.

Philomène akasema mtoto wa Clarisse atakuwa ameamka, akachukua kikapu chake, akaaga.

Odette akamimina mafuta, akakaanga ndizi. Harufu ya padouk ikajaa jikoni. Sylvère aliletewa sahani, naye akala yote.